Hodi ya Nne

Hodi ni tatu. Mtu akigonga mara tatu na wenyewe wakakaa kimya, anajua hajakaribishwa, anageuka anakwenda zake. Hilo analijua kila aliyelelewa. Ndiyo maana Jumanne ile, saa nne kasoro asubuhi, Lusungu alipoisikia hodi ya nne ikitoka kwenye laptopu yake, kitu cha kwanza alichohisi hakikuwa woga. Alihisi amevunjiwa adabu.

Ko, ko, ko. Kikapita kimya cha pumzi moja. Kisha: ko.

Kwenye pembe ya kioo kikachomoza kidirisha kidogo cha kijivu chenye maneno mawili: *Bohari: Inasubiri.*

Haikusema inasubiri nini. Na haikuwa na cha kusubiri, maana umeme ulikuwa umekatika tangu saa mbili, mtandao wa ofisi umelala, na programu yenyewe ya Bohari alikuwa hajaifungua siku hiyo. Lusungu akakifunga kidirisha. Ndipo akanusa vumbi la mpingo, likiwa limechanganyika na kiwi nyeusi ya viatu.

Akauliza nani kapiga kiwi humu ndani. Wenzake wawili wakainamia miguu yao. Wote walikuwa wamevaa kandambili.

Ofisi yao ilikuwa Boko, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo mwaka mzima walishughulika na mambo ya kisasa huku chini watu wakibishania bei ya mabati. Kazi yao kubwa ilikuwa hiyo Bohari, programu ya kuleta programu nyingine. Mwalimu wa shule au karani wa zahanati anaandika mstari mmoja tu, Bohari inakwenda kuchukua anachotaka, inakiweka kwenye kompyuta, na kilichozeeka inakipa toleo jipya. Tatizo lilikuwa moja. Ilifanya yote hayo kimya kimya, kwenye kioo cheusi. Mwalimu anangoja, haoni kitu, anadhani imeganda, anazima swichi ya ukutani, na kompyuta inakufa katikati ya kazi kama mgonjwa aliyefungwa vidonda nusu.

Kasimiri ndiye aliyesema ipige hodi. Iwe na arifa, kidirisha kidogo kinachotokea pembeni na sauti yake, kimwambie mtu: imekamilika, imeshindikana, au inasubiri. Mwalimu aendelee kusahihisha madaftari yake, asikodolee macho giza.

Lusungu alimcheka. Alikuwa amemzidi miaka minne na shahada moja, na hakuwa mtu wa kuficha hayo.

"Sasa wee Kasi, unataka kompyuta ipige hodi kama jirani aliyeishiwa chumvi?"

"Jirani mwenye adabu, dada," alisema Kasimiri. "Hodi tatu, anasema alichojia, anaondoka."

Sauti aliirekodi mwenyewe kwa tindo ya marehemu baba yake, mchongaji wa pale Mwenge, akiigonga mara tatu kwenye kigoda cha mpingo ambacho mzee hakukimaliza. Na juu ya kila faili aliandika: *Imeandikwa na Kasimiri.* Lusungu alipomwambia hayo ni majivuno, akasimuliwa kisa ambacho ofisi nzima ilikuwa imeshakichoka. Baba yake alikuwa na kawaida ya kuchora alama yake chini ya kila kinyago, pale mnunuzi asipotazama. Siku moja jirani wa banda alimwibia kinyago, akasugua chini kwa msasa, akakiuza kama chake. Mzee aliishi miaka kumi na moja zaidi na hakuacha kukisema kile kinyago, kana kwamba kilikuwa mtoto aliyepotea sokoni.

Kasimiri alikuwa na selimundu tangu kuzaliwa. Alikuwa akiugua, akipona, akirudi kazini na utani wake, mpaka wote wakazoea kwamba huyu huwa anarudi. Safari ya mwisho alimpa Lusungu flashi akiwa kitandani hospitalini. Alimwambia amalizie, imebaki kazi ya siku mbili tatu. Haikubaki hata ya siku mbili. Lusungu aliimaliza kwa siku moja, tena kabla ya saa tisa.

Siku ya maziko, nyumbani kwao Mbezi Luis, jeneza likiwa chini ya turubai, ndugu mmoja wa marehemu alisimama na kuuliza kama inavyoulizwa kila msiba: aliye na chochote cha marehemu, aseme sasa, asimzike mwenzake na mzigo. Mtu mmoja akasema ana koti lake. Mwingine akasema ana baiskeli. Watu wakaitikia, ikawa kama mzaha wa heshima. Flashi ilikuwa kwenye mkoba wa Lusungu, kati ya leso na karanga. Alifungua mdomo. Akaona wote wanalia, akaona yeye ni mgeni, akaona si mahali pa kuongelea mambo ya kompyuta. Akaufunga.

Jumatatu bosi wao, Gaspar, akauliza nani ataishika ile kazi ya arifa, kwa sababu wafadhili wanakuja na hana cha kuwaonyesha. Gaspar alikuwa mwanamume mpole mwenye mashati ya kupigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na alikuwa ameshasema kwamba atakayewaridhisha wafadhili ndiye atakuwa Mkuu wa Ufundi. Lusungu alikuwa amekingoja cheo hicho miaka sita. Akasema, "Ninayo tayari."

Hakusema ni yake. Alisema anayo. Wasomi wanajua kukaa ndani ya neno kama hilo kwa muda mrefu, na Lusungu alikaa humo siku tatu. Siku ya nne akaandika amri moja, jina likabadilika kwenye mafaili yote kumi na tisa. *Imeandikwa na Lusungu.* Haikuchukua hata sekunde moja. Msasa ungechukua muda zaidi.

Baada ya wiki mbili mama yake Kasimiri, Eufrazia, alipanda zile ngazi kuja kuchukua vitu vya mwanawe. Vilikuwa kikombe, sweta na dawa. Alivipokea, akawashukuru wote, na Lusungu akamsindikiza. Katikati ya ngazi mama akasimama kupumzika. Akasema baba yake Kasimiri aliacha vinyago, hata akimkumbuka anashika kimoja. Akauliza, "Huyu wangu alikuwa anafanya nini hapa, mwanangu? Ameacha nini?"

Hapakuwa na mtu mwingine. Gaspar hakuwepo, wafadhili hawakuwepo. Uongo ule haukuwa na hata kazi ya kufanya. Lakini Lusungu alimshika mama mkono akasema, "Alikuwa anatusaidia saidia tu, mama."

Eufrazia akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ambayo hana, akashuka na kikombe chake.

Sasa ilikuwa Jumanne ya wiki ya tano tangu maziko, na kitu kilikuwa kinapiga hodi mara nne.

Mwanzoni Lusungu aliitafuta hitilafu. Alisoma mafaili yote kumi na tisa mstari kwa mstari, akakuta pameandikwa waziwazi kwamba sauti igonge mara tatu kisha inyamaze. Akaifungua rekodi yenyewe. Mapigo yalikuwa matatu. Akazima sauti ya kompyuta. Ikagonga mara nne. *Inasubiri.*

Jumatano akapigiwa simu na Mwalimu Auleria, aliyefundisha kompyuta kwenye shule mojawapo iliyokuwa ikiijaribu Bohari. Auleria alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa upuuzi, lakini siku hiyo alinong'ona, na sauti yake ilikuwa na mwangwi wa mtu aliyejifungia stoo. Alisema kompyuta zote ishirini zimegonga kwa pamoja, katikati ya kipindi. Na watoto wa shule, alisema, si unawajua, wamefundishwa mgeni akigonga darasa zima linaitika.

"Waliitika, Lusungu. Ilipogonga ya nne, wote wakasema karibu."

Lusungu akauliza kisha ikawaje.

"Hakuna. Kimya. Halafu nikaona wasichana wa benchi la nyuma wamesogea, wamebanana upande mmoja, wameacha nafasi. Nikawauliza mnabanana nini na benchi refu hivyo." Akaishusha sauti zaidi. "Wakaniambia wamempisha kaka akae."

Lusungu alimwambia azime kompyuta, atatuma fundi. Akakata simu. Akafungua yale mafaili, akafanya jambo ambalo baadaye lilimtia aibu kuliko hata la kwanza, maana la kwanza alilifanya kwa tamaa, na hili alilifanya akiwa anajua. Chini kabisa ya faili la mwisho, kwa herufi ndogo, aliongeza: *kwa msaada wa Kasimiri.* Akajisikia ametoa sadaka.

Kesho yake aliaga kazini kwamba kichwa kinamuuma. Alifika nyumbani saa tisa mchana. Mdogo wake Bupe, aliyekuwa akiishi naye na kusuka nywele za watu barazani, alikuwa ndani akila ugali wake, na kabla hata ya salamu akauliza, "Dada, umeleta fundi seremala? Maana kuna mtu anachonga humu ndani tangu saa sita, nikiingia haonekani, nikitoka anaendelea."

Laptopu ilikuwa mezani, imezimwa. Siku hiyo Lusungu alikuwa ameiacha nyumbani kusudi, ameichomoa hata betri na kuiweka kabatini. Jua lilikuwa limejaa sebule nzima, nje jirani alikuwa anapasua kuni na redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, na katikati ya mchana huo wa kawaida Lusungu alikwenda akafunua kile kifuniko, akaona kati ya vitufe, pale makombo ya mkate hujaa, pamejaa vinyuzi vyeusi, akakishika kimoja, kikavunjika, kikanuka, ni vibanzi vya mpingo, vibichi, vya leo, na alipoinua macho kioo kilichokuwa hakina umeme wala betri kilikuwa cheusi kama maji ya kisima, na ndani ya weusi huo alijiona yeye, na nyuma yake aliuona mlango, na kati yake na mlango alimwona mtu amesimama, ana shati, ana mabega, ana shingo iliyoinama kidogo kama ya mtu anayengoja kwa adabu kuambiwa aketi, ila pale ambapo uso ungekuwa hapakuwa na jicho wala pua wala mdomo, palikuwa laini, pamesuguliwa, panang'aa kama kinyago kilichopigwa msasa na kiwi, na mkono wake ukanyanyuka taratibu, kidole kimekunjwa, ukagonga hewani, na sauti ikatoka mezani.

Ko, ko, ko.

Lusungu alijua inayofuata. Akajishika mdomo.

Ko.

"Kar—" Bupe alianza, kwa mazoea tu, akiwa na tonge mkononi. Lusungu akamrukia akamziba mdomo kwa kiganja, na wote wawili wakaanguka na kiti.

Ni Bupe aliyejua pa kwenda. Mteja wake mmoja alikuwa na dada aliyewahi kusumbuliwa, akatibiwa na Bi Farida wa Temeke. Lusungu, mtoto wa mzee wa kanisa kutoka Rungwe, mwenye vyeti viwili ukutani, alijifunga mtandio mpaka puani ili asitambulike, akaenda. Alitegemea kukuta mafuvu. Alimkuta mama mnene wa miaka hamsini anashona sare za shule, amezungukwa na kaptula za kaki, chetezo chake kimewekwa juu ya boksi la cherehani.

Bi Farida aliacha udi uteketee, akamsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza na bila kumhurumia. Kisha akasema kwanza aondoe wazo kwamba huyo ni Kasimiri. Mtoto wa watu kalala, hana habari. Huyu ni jini tu. Majini hayana kwao, alisema, yanatafuta kitu kilichovuliwa mwenyewe, kama kaa anavyoingia kwenye gamba la konokono aliyekufa. Lusungu alilifuta jina, akaacha kazi ya mtu haina mtu. Likaingia, likavaa na shati.

Lusungu akauliza kuhusu wale watoto walioitika.

"Mtoto hana nyumba ya kukaribishia mgeni. Hao watapona na usingizi," alisema Bi Farida. "Ila mkubwa, mwenye hiyo kazi mkononi, akiitikia ile ya nne, basi amelipatia kiti. Halitoki tena."

Akauliza ameshaulizwa mara ngapi. Lusungu hakuelewa.

"Kuhusu kitu cha marehemu. Umeulizwa mara ngapi, ukakana mara ngapi?"

Lusungu akahesabu. Mbele ya jeneza, moja. Kwenye ngazi, mbili.

"Basi bado moja. Ukiulizwa hiyo ukajibu, ni rahisi, neno litakuwa limefunguliwa mlango. Ukiikana, hutaulizwa tena. Itabidi ukaseme mwenyewe, kwa watu wale wale, bila kuulizwa." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Na hakuna kinachomshinda binadamu kama hicho. Nimeona watu wamechagua kukaa na jini."

Hakutaka malipo. Alisema hakufanya kitu.

Ijumaa wafadhili walikuja, wanne, wakapewa soda na korosho. Gaspar alisimama akatoa hotuba kuhusu ubunifu wa mwanamke wa Kitanzania, akamwita Lusungu mbele, akatangaza kuwa huyu ndiye Mkuu wa Ufundi mpya. Watu wakapiga makofi. Kompyuta ya maonyesho ikawashwa. Bohari ikachukua programu, ikaiweka, ikagonga. Ko, ko, ko. Wageni wakatabasamu. Ko. Kwenye kioo, badala ya *Imekamilika*, kikatokea *Inasubiri*, na chumba kikanuka kiwi.

Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, akasema sauti hii ni nzuri, inaonekana imetoka mbali. Akauliza, kwa wema kabisa, "Wazo hili ulilipata wapi?"

Lusungu aliutambua ule mlango ukifunguka. Aliuona wazi, na upande wa pili alimwona Eufrazia na kikombe. Kisha akaiona sura ya Gaspar, akayasikia makofi ambayo yalikuwa bado hayajapoa.

"Limenijia tu," alisema.

Hakulia kuku wala jogoo. Mama mwenye miwani akaandika kwenye daftari lake.

Jumamosi ilikuwa arobaini. Misa ilikwisha asubuhi, na saa saba watu walikuwa chini ya turubai lile lile Mbezi Luis, wakila pilau. Lusungu alikuwa amefika na laptopu kwenye mkoba, na kabla ya kuondoka nyumbani alikuwa ameyarudisha mafaili yote kumi na tisa kama yalivyokuwa, akafuta na ile sadaka yake ya herufi ndogo. Alingoja. Sehemu yake moja, ile ya kijinga, ilitumaini kwamba yule ndugu angesimama tena na kuuliza. Hakusimama. Alikuwa anagombania soda na mjomba wake. Siku ile kulikuwa na habari za mpira, na za bei ya saruji, na mtu mmoja alikuwa akicheka kweli kweli. Siku arobaini zinatosha. Hakuna aliyekuwa na swali.

Ndani ya mkoba, chini ya meza, kikasikika kidogo: ko, ko, ko, ko.

Akasimama. Alikuwa bado ana sahani mkononi na hakujua pa kuiweka, kwa hiyo aliyasema yote akiwa ameishika, wali ukimwagika. Alisema marehemu alikuwa na kitu kwake. Alisema yeye aliulizwa mbele ya jeneza akanyamaza. Akasema ni nini, kwa maneno ambayo hata bibi wa mwisho kwenye mkeka aliyaelewa: kwamba Kasimiri alitengeneza kitu kinachofanya kompyuta ipige hodi, kwamba kinafanya kazi mashuleni sasa hivi, na kwamba yeye alifuta jina lake akaandika la kwake, akapewa cheo. Huko nyuma mafuta yalikuwa yanachemka kwenye karai. Mtu mmoja alisema polepole, "Haa, msomi." Halikuwa tusi. Lingekuwa tusi angelivumilia.

Eufrazia alikuja mpaka mbele yake. 

"Kwenye ngazi ulinishika mkono," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ukanishika mkono, ukaniambia mwanangu anasaidia saidia."

"Ndiyo, mama."

Wanawake wengine walikuwa wamekusanyika. Lusungu alitamani apigwe. Badala yake Eufrazia akavuta kiti akaketi, akasema, "Nisikilizishe."

Akaifungua laptopu juu ya meza, kati ya sahani na chupa, akaiagiza Bohari kazi ndogo, na wote wakainama kusikiliza. Ko, ko, ko. Kikaja kile kimya cha pumzi moja, na Lusungu akaisikia pumzi hiyo ikirefuka, ikapita mahali ilipozoea kukatika, ikaendelea, akawa anangoja, akanusa, ikawa pilau, akanusa tena, ni pilau na jasho na marashi ya mama mmoja, na kwenye kioo kikachomoza kidirisha cha kijivu chenye neno ambalo hakuwa ameliona tangu Jumanne: *Imekamilika.* Chini yake, jina la mwandishi.

Eufrazia hakujua kusoma haraka. Alilifuata jina kwa kidole, herufi kwa herufi, mpaka mwisho. Kisha akaweka kiganja juu ya laptopu kama mtu anayepima homa.

"Ni tindo ndogo ya baba yake," alisema. "Ile ya kuchongea macho."

Akainuka, akachukua sahani ya Lusungu, akaijaza tena wali na nyama, akairudisha mikononi mwake.

"Kula," alisema. "Ukimaliza, uondoke."

Lusungu alikula mpaka punje ya mwisho, watu wakimtazama. Hakuwahi kula chakula kirefu namna ile.

Jumapili nyumba ilinyamaza. Bupe alifagia vibanzi, akavimwaga shimoni. Mwalimu Auleria alituma ujumbe kwamba wale wasichana walilala siku nzima na kuamka wakidai chai. Na Jumatatu asubuhi Lusungu alipanda zile ngazi akiwa na barua mbili, moja ya kueleza, nyingine ya kuacha kazi.

Gaspar alizisoma zote kwa utulivu. Alimwambia anamheshimu sana kwa moyo huo. Kisha akafunga mlango, akaeleza kwamba haraka haraka haina baraka: wafadhili wameshatia sahihi, jina la Lusungu limeshachapwa kwenye taarifa, na mtu akiona mabadiliko sasa atauliza maswali yasiyokwisha. Marehemu hahitaji cheo. Wataweka picha yake pale ukutani, kwenye fremu nzuri. Kuhusu barua, yeye hajaziona.

Lusungu akasema mafaili ameshayarudisha yalivyokuwa.

"Ya kwako," alisema Gaspar, akatabasamu. "Nakala ya Ijumaa ninayo mimi hapa. Ndiyo itakayokwenda."

Alimwomba aifute. Gaspar akasema ataifuta, kwa sauti ile ya mtu anayesema tutaonana, na wote wawili walijua. Lusungu akaziacha barua mezani. Alimwambia kuhusu flashi, na ngazi, na arobaini, na kwamba mama mzazi sasa anajua. Jambo moja tu hakulisema. Alikuwa nalo mdomoni kabisa, lakini alimtazama yule mtu mwenye shati lililopigwa pasi, na vyeti vyake ukutani, na akajiona yeye, msomi mzima, anamwambia mwenzake asiitikie hodi. Aliona aibu. Akaaga.

Alikuwa amefika katikati ya ngazi, pale pale Eufrazia alipopumzika, wakati harufu ya kiwi ilipompita ikipanda. Akasimama. Chini watu walikuwa wanabishania mabati. Juu, nyuma ya mlango uliofungwa, kikasikika kitu kikigonga meza ya Gaspar, taratibu, kwa adabu.

Ko, ko, ko.

Bado palikuwa na pumzi moja. Ngazi zilikuwa kumi na mbili, na angeweza hata kupiga kelele. Mkono wake uliishika nguzo, mdomo ukafunguka, kama ulivyofunguka siku ile chini ya turubai, na kama siku ile, ukajifunga.

Ko.

Na Gaspar, mtu mpole aliyelelewa vizuri na mama yake, akasafisha koo akasema, "Karibu."